Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: sura ya marehemu asiyejulikana inavyorudishwa kutoka kwenye fuvu

Hii kazi ni ipi hasa?

Polisi wanakuta mifupa, au mwili ulioharibika kiasi kwamba hata mama mzazi hawezi kuutambua, hakuna kitambulisho, hakuna simu, alama za vidole zimeshaondoka au hazimo kwenye rekodi yoyote. Kilichobaki ni fuvu. Hapo anaitwa msanii, mara nyingi mchongaji au mchoraji aliyesomea anatomia, anakaa na mtaalamu wa mifupa na wanajenga upya sura ya huyo mtu kufuata fuvu lake, alafu picha inapelekwa kwenye magazeti, TV na mitandao ili mtu mmoja tu mahali fulani aseme huyu namjua.

Hilo la mtu mmoja naomba ulishike mapema maana maswali mengi ninayoulizwa yanatokana na kulisahau. Sura iliyochongwa sio ushahidi, hakuna mahakama itakayosema fulani ni fulani kwasababu sanamu inafanana naye. Kazi yake ni kuwaita ndugu, wakishajitokeza ndio meno, DNA na eksirei za zamani zinathibitisha.

Si wapime DNA tu yaishe?

DNA lazima uilinganishe na ya mtu mwingine. Kama hujui marehemu ni wa ukoo gani, na nyumbani kwao hakuna aliyetoa sampuli, unabaki na namba nyingi kwenye karatasi na hakuna pa kuzipeleka. Marekani wana kanzidata ya serikali inaitwa NamUs, kwa hesabu yao kila mwaka inaokotwa miili kama 4,400 isiyo na jina, na baada ya mwaka mzima kama 1,000 inakuwa bado haijajulikana, na hiyo ni nchi yenye maabara kila kona.

Kweli siku hizi kuna njia ya kutafuta ukoo kupitia DNA ambazo watu wameziweka wenyewe mtandaoni, na imefanya mambo makubwa. Kuna binti alikutwa ameuawa Ohio mwaka 1981, kavaa jaketi la ngozi la kahawia lenye nyuzi za kuning'inia, sura yake ikachorwa na kusambazwa miaka nenda miaka rudi, jina likapatikana 2018 kwa njia hiyo ya ukoo. Sasa tatizo ni kwamba waliojaza hizo kanzidata wengi wana asili ya Ulaya, mtu wa Kahama au wa Kisii akifia ugenini uwezekano wa kukuta binamu yake humo ni mdogo mno. Kwahiyo sura bado ina kazi.

Nani alianzisha?

Wanaotajwa sana ni Wajerumani. Mwaka 1894 huko Leipzig walifukua mifupa iliyodhaniwa ni ya Johann Sebastian Bach, yule mtunzi wa muziki, na profesa wa anatomia Wilhelm His akatakiwa aseme ni yeye au sio yeye. Alichofanya ni kuchukua maiti za watu wengine, anachoma sindano nyembamba usoni mpaka iguse mfupa, sindano ina kipande kidogo cha mpira kinachosogea juu kadiri inavyozama, akiichomoa anapima nyama ina unene gani pale. Vipimo akampa mchongaji Carl Seffner, akajenga uso juu ya fuvu kwa kufuata hivyo vipimo, na ukafanana na picha za Bach. Wazo zima la kazi hii limo mle ndani, kwamba unene wa nyama juu ya mfupa unaweza kupimwa, haubuniwi.

Urusi akaja Mikhail Gerasimov, ambaye ndiye aliyefungua kaburi la Timur, mtawala wa zamani wa Asia ya Kati, kule Samarkand Juni 1941 na baadaye akatengeneza sura ya Ivan wa Kutisha, mfalme wa Urusi. Yeye aliamini misuli kuliko vipimo, anajenga msuli mmoja mmoja kuanzia kwenye mfupa. Marekani kulikuwa na Betty Pat Gatliff wa Oklahoma, mchoraji wa picha za kitabibu, mwaka 1967 akishirikiana na mtaalamu wa mifupa Clyde Snow akatengeneza sura ya kijana mmoja aliyeuawa na kijana akatambulika. Uingereza ni Richard Neave wa Manchester ambaye alichanganya njia zote mbili, vipimo na misuli, na hiyo ya kuchanganya ndio wengi wanaitumia mpaka leo.

Wanafanyaje, hatua kwa hatua?

Kabla msanii hajagusa chochote mtaalamu wa mifupa anasoma fuvu na mifupa mingine kama ipo. Nyonga na fuvu vinamwambia ni mwanamke au mwanaume, meno na viungio vinamwambia umri wa kukadiria, anaangalia asili yake, kama pua iliwahi kuvunjika, kama meno ya upande mmoja yaling'olewa zamani shavu likaingia ndani. Haya yote yanaingia kwenye uso. Umri ukikosewa kila kitu kinaenda kombo, nitalirudia hili chini.

Alafu inatengenezwa nakala ya fuvu. Fuvu lenyewe ni ushahidi na ni la marehemu, sio kitu cha kupakazia udongo, kwahiyo siku hizi linapitishwa kwenye mashine ya CT, ile eksirei inayopiga picha pande zote, na nakala inatolewa kwa printa ya 3D, zamani walikuwa wanamwaga plasta kwenye moldi. Taya ya chini inashikishwa ikiachwa nafasi ndogo kati ya meno, maana mtu akiwa ametulia hang'ati meno. Kichwa kinawekwa kwenye stendi, tundu la sikio na ukingo wa chini wa tundu la jicho vikae kwenye mstari mmoja, yani kama mtu anakuangalia usoni.

Sasa ndio zinakuja raba. Zile za kufutia penseli kabisa. Msanii anakata vipande vidogo, kila kimoja kwa urefu wake kulingana na jedwali la vipimo, anavibandika na gundi kwenye fuvu sehemu ishirini na kitu mpaka thelathini na kitu kutegemea njia anayofuata. Katikati ya paji la uso nyama ni nyembamba, milimita kama 4 au 5, ukishuka kwenye kidevu inakuwa kama 10, kwenye shavu inaongezeka zaidi. Ukimaliza kubandika unaona fuvu limejaa vigingi vidogo na hapo bado halifanani na mtu yeyote. Kisha macho ya bandia yanawekwa ndani ya matundu, jicho la mtu mzima, lile tufe lote, lina kipenyo cha kama milimita 24 kwa hiyo hapo hakuna kubahatisha sana, halafu misuli ya udongo, ule wa kutafunia, ule wa pembeni ya kichwa, ya duara kuzunguka mdomo na macho, na mwisho tabaka la udongo linalofikia vichwa vya zile raba. Juu yake wanapitisha mikunjo kidogo, vishimo vya ngozi, basi. Wanaochora kwa penseli nao wanaanza na raba hizohizo, wanapiga picha fuvu likiwa na raba zake wanaweka karatasi inayoangaza juu yake wanachora, Karen Taylor wa Texas ndiye aliyeisambaza hiyo sana.

Pua na midomo haina mfupa, wanajuaje?

Hapa ndipo watu wengi wanapotilia shaka na wana haki. Pua ina dalili. Upana wa lile tundu la mfupa ni kama sehemu tatu kati ya tano za upana wa pua yote, na chini ya tundu kuna mfupa mdogo uliochongoka, urefu na mwelekeo wake unaonyesha pua imetokeza kiasi gani na kama ncha inaangalia juu au chini. Upana wa mdomo wanaukisia kwa meno ya chonge na nafasi ya macho, unene wa midomo kwa urefu wa meno ya mbele. Kope na pembe za jicho zina sehemu zinaposhikia kwenye mfupa na mtu mwenye mkono mzoefu anazipapasa kwa kidole akazipata.

Masikio sasa, hapo wanakisia waziwazi. Nywele, rangi ya ngozi, ndevu, unene wa mtu, alikuwa anasuka au ananyoa, hakuna mfupa utakaokwambia, labda zikutwe nywele zenyewe au nguo za kuonyesha saizi yake. Ndio maana wasanii makini wanaacha picha nyeusi na nyeupe, nywele wanazififisha, au wanatoa matoleo mawili matatu ya mtu huyohuyo. Mimi nikiona sura ya fuvu imewekwa rangi ya macho, wanja na mtindo wa nywele wa kisasa naanza kuogopa, maana dada wa marehemu akiona nywele sizo anapita, na hatarudi kuangalia tena.

Inakuwa sahihi kwa kiasi gani?

Kuna jaribio lilichapishwa 2006 la Caroline Wilkinson na wenzake, walichukua picha za CT za watu walio hai, wakajenga nyuso bila kuwaona wenye nyuso, kisha wakalinganisha. Kama asilimia 67 ya uso ilikuwa na tofauti isiyozidi milimita 2 na uso halisi. Hiyo ni nzuri sana kwa umbo, lakini usisahau watu hao walikuwa hai, umri unajulikana, hakuna fuvu lililovunjika vipande.

Na usahihi wa milimita sio kufanana. Mtu anatambulika kwa mpangilio, jinsi paji, macho na taya vinavyokaa pamoja, ndio maana mtoto unamwambia umetoka baba yako mtupu wakati pua sio ya baba yake. Mpangilio huo fuvu linaubeba vizuri.

Kuna kesi ambayo ilifanya kazi kweli?

Ya Cardiff, Wales, ndiyo naipenda kuisimulia. Desemba 1989 mafundi ujenzi walikuwa wanachimba nyuma ya nyumba wakakuta zulia limeviringishwa, ndani kuna mifupa ya binti. Hakuna aliyejua ni nani. Richard Neave akajenga sura, polisi wakaitoa kwenye vyombo vya habari na ndani ya siku mbili wakajitokeza wafanyakazi wa ustawi wa jamii wakasema huyu tulikuwa naye, alitoroka kituo cha kulelea watoto mwaka 1981. Alikuwa na miaka 15. Rekodi za meno zikakubali, alafu ikachukuliwa DNA kutoka kwenye mfupa ikalinganishwa na wazazi wake, ikawa moja ya kesi za mwanzo duniani mifupa kutambuliwa kwa DNA, na kesi ya mauaji ikafunguliwa. Angalia mpangilio wake, bila sura wasingejua hata mlango gani wa kubisha kuomba damu ya wazazi. Miaka minane yule mtoto alikuwa chini ya bustani na hakuna aliyekuwa anamtafuta kwa nguvu, hiyo ndio inaniuma.

Na zilizoshindikana?

Zipo nyingi tu. Betty Pat Gatliff mwaka 1980 alitengeneza nyuso tisa za vijana waliouawa na John Wayne Gacy karibu na Chicago, zikatangazwa kila mahali na hakuna hata mmoja aliyetambulika kwa zile sanamu. Uchunguzi ulipofunguliwa tena 2011 DNA ikaanza kurudisha majina, mmoja baada ya mwingine. Mikono ya Gatliff haikuwa na shida, lakini kipindi kile familia nyingine ziliamini mtoto katoroka yuko hai mji mwingine, au ziliona aibu kusema, na sura nzuri namna gani haiwezi kumlazimisha mtu aangalie.

Nyingine ni ya moto wa stesheni ya King's Cross, London, Novemba 1987. Watu 31 walikufa, mmoja akabaki bila jina, Neave akamtengenezea sura, picha ikasambazwa. Jina lilikuja kupatikana 2004. Wataalamu walikuwa wamemkadiria miaka 40 mpaka 60 na kumbe alikuwa amepita 70, kichwani alikuwa na klipu ndogo ya operesheni ya ubongo na hiyo ndiyo iliyosaidia. Ndio maana nilisema umri ukikosewa kila kitu kinaenda kombo, binti anayemtafuta baba mzee hawezi kusimama kwenye tangazo la mwanaume wa makamo.

Kuna picha nimeona fuvu limewekwa juu ya picha ya mtu, ndio hii hii?

Hapana, hiyo inataka uwe tayari una mtu unayemhisi na picha yake, unalaza picha ya fuvu juu ya picha ya mtu uone kama vinakaa. Ilitumika Scotland kwenye kesi ya Buck Ruxton, daktari aliyeua mkewe 1935, na Brazil 1985 kuhakiki mifupa ya Josef Mengele, daktari wa Kinazi. Ni nzuri zaidi kwa kumtoa mtu kwenye orodha kuliko kumthibitisha.

Kompyuta na akili mnemba si zitawaondoa hawa wasanii?

Kompyuta imeshaingia siku nyingi. Maabara ya Face Lab kule Liverpool, aliyoianzisha Caroline Wilkinson, wanachonga ndani ya kompyuta kwa kutumia mkono maalumu wa mashine unaokufanya uhisi ugumu wa fuvu ukiligusa kwenye skrini, na sura ya mfalme Richard III, yule aliyekutwa chini ya maegesho ya magari Leicester mwaka 2012, ilijengwa kwa kompyuta. Faida yake ni kwamba fuvu halishikwishikwi na kosa linafutika.

Akili mnemba mimi siipingi ila naihofia hapa. Imefundishwa kutoa nyuso zinazovutia, ukiipa sura ya udongo inakurudishia mtu wa tangazo la sabuni, ngozi laini, meno yamepangika, na kila kilichoongezwa hapo ni uongo ambao mama wa marehemu atauamini au utamfukuza. Kuongeza uhai kwenye picha iliyojengwa vizuri na mtaalamu akiwa pembeni, sawa. Kuanza na fuvu ukamaliza kwa kubonyeza, hapana.

Hii inatuhusu vipi sisi Afrika?

Inatuhusu moja kwa moja. Afrika Kusini wamepima unene wa nyama za uso za watu wao, maana ukitumia jedwali la Wazungu kwenye fuvu la Mwafrika unamharibu. Na ni hukohuko ambako Chuo Kikuu cha Cape Town kiligundua kina mifupa ya Wasan na Wakhoi iliyochukuliwa kwenye makaburi ya Sutherland miaka ya 1920 bila ridhaa ya mtu, wakawatafuta wajukuu, wajukuu wakaomba waone sura za wazee wao, Face Lab wakazitengeneza, na Novemba 2023 mifupa ikarudishwa Sutherland ikazikwa.

Alafu kuna Mediterania. Aprili 2015 boti ilizama na mamia ya Waafrika, Italia wakaiinua kutoka chini ya bahari na Profesa Cristina Cattaneo wa Milano na wenzake wakaingia kazini. Kwenye koti la mvulana wa kama miaka 14 walikuta ripoti yake ya shule imeshonewa ndani ya kitambaa, mtoto kabeba alama zake za darasani kwenda nazo Ulaya. Cattaneo anasema wazi kwamba mfu wa boti anastahili juhudi ileile anayopewa mfu wa ndege.

Kwetu hapa nakumbuka MV Bukoba, meli iliyozama Ziwa Victoria Mei 1996, waliokosa kutambuliwa wakazikwa Igoma, Mwanza. Shakahola, kule Kilifi, Kenya, walikofia wafuasi wa mhubiri mmoja, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa kuanzia Aprili 2023 na ya kwanza kukabidhiwa familia baada ya DNA ilikuwa Machi 2024. Na bila ajali kubwa yoyote, Nairobi kaunti inatoa kwenye gazeti orodha ya miili isiyo na wenyewe mochwari, ndugu wanapewa siku chache, baada ya hapo ni kaburi la pamoja. Orodha ina majina ya "mwanaume asiyejulikana" mmoja baada ya mwingine. Wengi wao hata hawajafika hatua ya fuvu, uso bado upo, picha nzuri tu iliyosafishwa na mchoraji ikawekwa mahali pa heshima ingetosha kuwapatia wenyewe, na naamini wachoraji tunao.

Sio kumvunjia heshima marehemu?

Wapo wanaoona hivyo, na upande wa dini waulizwe masheikh na wachungaji, mimi siwezi kuwasemea. Ninachojua ni kwamba kwa kuwa kazi inafanyika kwenye nakala, mifupa inaweza kwenda kuzikwa haraka, muhimu kaburi liwe na namba na lisichanganywe na la mwingine, ili siku jina likipatikana ndugu wajue pa kusimama. Na picha inayotangazwa ni ya mtu aliyetulia, sio ya maiti. Ukilinganisha na picha za ajali tunazotumiana kwenye WhatsApp, kwa kweli heshima iko huku.

Wanaofanya hii kazi ni madaktari? Naweza kusomea?

Wengi wametokea kwenye sanaa. Frank Bender wa Philadelphia alikuwa mpiga picha za matangazo, miaka ya 1970 akaenda mochwari kujifunza anatomia, akamuona mwanamke ambaye hakuna aliyemjua, akajaribu kumtengenezea sura na akatambulika. Huyo huyo ndiye mwaka 1989 alichonga John List, aliyeua familia yake New Jersey 1971 akatoroka, akamzeesha miaka kumi na nane na kumvalisha miwani mizito, ikarushwa kwenye TV na kabla ya wiki mbili kuisha jamaa akakamatwa.

Vyuo vipo, Dundee Scotland na Liverpool wanafundisha. Lakini uwe mkweli na nafsi yako, kazi za kuajiriwa ni chache hata huko, wengi wanaitwa kesi kwa kesi. Anza na kuchora nyuso za watu halisi kila siku na kusoma anatomia ya kichwa.

Ndugu yangu amepotea, nifanye nini sasa hivi?

Ripoti polisi upewe namba ya taarifa, usikubali kuambiwa subiri atarudi. Zunguka mochwari mwenyewe au mtume mtu mwenye moyo. Tafuta picha ambazo anacheka meno yanaonekana, maana jino lililopishana au lililokatika linaweza kumtambulisha mtu kuliko picha ya pasipoti. Andika makovu, tatoo, alipowahi kuvunjika, hospitali alikopigwa eksirei. Interpol walipoanza kampeni yao ya Identify Me mwaka 2023 kwa ajili ya wanawake 22 waliokutwa wamekufa Ubelgiji, Uholanzi na Ujerumani, wa kwanza kupata jina alitambuliwa na familia yake Uingereza kwa tatoo ya ua mkononi, baada ya miaka 31. Mswaki wake na chanuo usivitupe, vifunge kwenye bahasha ya karatasi. Kama alisafiri nje, nenda Msalaba Mwekundu, wana huduma ya kutafuta ndugu waliopotezana na ni bure.

Nikiona sura kwenye tangazo na ninahisi namjua ila sina uhakika?

Piga simu. Usisubiri uhakika, uhakika ni kazi ya maabara, na kama sio yeye watajua ndani ya muda mfupi kwa meno au DNA na hakuna atakayekulaumu. Usiangalie nywele wala masikio, funika sehemu hiyo kwa mkono uangalie kuanzia nyusi mpaka kidevu. Sema lini ulimuona mwisho, alikuwa anaishi na nani, kwao ni wapi, na kama unamfahamu ndugu yake hata mmoja toa namba yake.